Kompyuta ya Mama Rehema

Wenzangu mliokulia Kilosa miaka ile ya redio moja kwa nyumba tatu, ninyi mtanielewa. Kununua kitu enzi zetu hakukuwa na masomo. Ulikwenda dukani, ukakikuta kiko kimoja tu juu ya rafu, kimejaa vumbi, ukakiomba, ukakinyanyua. Kikiwa kizito, kizuri. Kikiwa chepesi, huyo mwenye duka anataka kukuibia. Marehemu baba, aliyekuwa mfanyakazi wa reli, alinunua redio yetu kwa mtindo huohuo. Aliinyanyua kwa mkono wa kulia, akaihamishia wa kushoto, akaitikisa karibu na sikio, akasema, "Hii ina vyuma." Mjadala ukaishia hapo.

Redio ile ilikaa juu ya stuli, imefunikwa kitambaa cha kufuma cha mama chenye maua mekundu, na ole wake mtoto atakayeigusa. Jioni tukishachoka na mchezo wa kombolela, vumbi limetujaa hadi kwenye kope, tulioga maji ya mto Mkondoa yenye rangi ya chai ya maziwa, tukakaa mkekani kusubiri taarifa ya habari. Habari yenyewe hatukuielewa. Tulikuwa tunasubiri iishe ili muziki uanze. Betri zikichoka sauti ilififia, nasi tukazidi kuisogelea hadi vichwa vikagongana, na mama akipita na sufuria ya mlenda anasema, "Nyie watoto, mtaingia humo ndani."

Asubuhi kazi yangu ilikuwa kuanika betri. Ndiyo, kuzianika, juu ya bati, pembeni ya mihogo ya mama. Zikishapata jua la kutosha baba alizigongagonga na jiwe, akazirudisha, na redio ikaimba tena siku kadhaa. Mwambie kijana wa leo kwamba ulikuwa unaanika betri, uone atakavyokutazama kwa huruma. Yeye mwenyewe simu ikibakiza chaji nusu anaanza kutokwa jasho na kuulizia soketi kwenye nyumba za watu.

Nayasema haya kwa sababu majuzi, na mvi zangu hizi, baada ya kumaliza utumishi wangu mashambani Kilangali, nilijikuta natakiwa kununua kompyuta. Elimu niliyokwenda nayo ni ile ya baba.

Kisa ni mke wangu, Mama Rehema. Mwaka jana alipata kiharusi, kikamlegeza mkono na mguu wa kulia. Akili yake haikuguswa, na maneno yamerudi, ila yanatoka polepole. Mtoto wetu ni mmoja tu, Rehema, ameolewa ughaibuni, kwenye nchi ya baridi, na wakati huo alikuwa na mimba yake ya kwanza. Kila alipopiga simu ya video ilibidi mimi niishike simu mbele ya uso wa mama yake. Mkono unanitetemeka, Rehema anarukaruka kwenye kioo, mara wanaona dari, mara wanaona pua yangu. Mama Rehema alivumilia muda mrefu, kisha siku moja akaniambia, "Baba Rehema, nataka mwanangu akipiga nimwone kwenye TV, mkubwa, bila mtu kunishikia simu. Nataka kabla hajajifungua." Mke wangu si mtu wa kuomba vitu. Nikaahidi.

Rehema mwenyewe alinielekeza. Alisema ninunue kompyuta ndogo kabisa, inayokula umeme kidogo, ichomekwe kwenye TV na ikae imewashwa muda wote, ili yeye akipiga ipokee yenyewe. Nyumbani kwetu Magomeni, ya hapahapa Kilosa, umeme una siku zake, na sola yetu ni paneli moja na betri moja, ya taa na TV. Nikasema sawa, binti yangu, ingawa nilichoelewa ni neno ndogo tu, na hilo nalo sikulielewa vizuri.

Nikaenda Mikumi, ambako kando ya barabara kuu kuna duka la vifaa hivyo. Muuzaji, mwanaume wa makamo kidogo, akanipokea kwa adabu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nataka kompyuta ndogo ya nyumbani, isiyokula umeme."

"Zipo, mzee. Unataka ram nane au kumi na sita?"

"Nane za nini?"

"Giga, mzee."

"Ya kumwona binti yangu ni ipi?"

"Kumwona tu? Hata nne inatosha. Ila nane ndo poa. Ila sasa ukichukua kumi na sita, hutajuta."

Nikamtazama. Kama nne inatosha, nane inatoka wapi? Na kama nane ni nzuri, huyo wa kumi na sita anatafuta nini hapa? Akaendelea na wati, mara sita, mara kumi, mara inategemea, akataja na majina ya chipu ambayo hata yeye aliyatamka kwa kuyaonea haya. Mwisho akafungua droo akatoa kitu cheusi, kinafichika kwenye kiganja.

"Hiyo ndiyo chaja yake?" nikauliza.

"Ndo kompyuta yenyewe, mzee."

Nikaipokea. Nyepesi! Haina kioo, haina vitufe vya kuandikia, haina hata feni. Nikaitikisa karibu na sikio. Kimya. Nikamuuliza, "Sasa hii ina nini?" Akasema ina kila kitu. Mtu anayekuambia kitu kina kila kitu huku hukioni hata kimoja, enzi zetu tulimkimbia.

Chini sakafuni, karibu na mlango, lilikuwepo kasha kubwa la kompyuta ya mezani, limeshatumika, lina mikwaruzo. Nikaliinamia, nikalinyanyua kwa mikono miwili, mgongo ukalia. Moyo ukatulia papo hapo. Muuzaji akanionya, "Mzee, hilo litakumalizia sola." Nikamjibu kwamba sola yangu naijua. Nililifunga kwa kamba na kurudi nalo Kilosa nikiwa nimelipakata safari nzima, najiona nimemshinda mjanja.

Lilipowashwa lilinguruma kama mashine ya kusaga. Mama Rehema alilitazama, akanitazama mimi, akasema tu, "Baba Rehema, wewe." Lakini siku zenye umeme lilifanya kazi, TV ikaleta uso wa Rehema wote, nami nikatembea mtaani kifua mbele.

Kisha Rehema akajifungua mtoto wa kike. Salama, tukaambiwa kwa ujumbe, na mchana angepiga atuonyeshe. Mchana huo umeme ukakatika na wingu likatanda toka milima ya Usagara. Nikaunganisha lile zee na sola. Simu ikaingia. Rehema akatokea, amechoka, anacheka, anainama kumchukua mtoto. "Mama, mwone mju..." TV ikazima. Kasha likazima. Taa zikazima. Nilihangaika na nyaya, nikagonga betri kwa kiganja, nikatoka nje kuitazama paneli kama vile ingenionea huruma. Niliporudi ndani Mama Rehema alikuwa bado ameikodolea macho ile TV.

"Nimeona blanketi tu," akasema.

Nimefokewa mara nyingi katika ndoa hii na sikuwahi kuumia vile.

Asubuhi nikalirudisha Mikumi. Muuzaji hakunicheka, ila alikohoa sana. Akanieleza kwa lugha niliyoielewa hatimaye: lile la kwanza linakunywa kama ng'ombe, hiki kidogo kinakunywa kama kuku, na mimi nyumbani nina kopo moja la maji. Akabadilisha, akanipa kamera ndogo ya kukaa juu ya TV, akakipanga mle dukani kipokee simu ya Rehema chenyewe. Nilikitia mfuko wa shati. Njia nzima nilikuwa najipapasa nikidhani kimeanguka.

Kimebandikwa nyuma ya TV, hakionekani. Hakingurumi, hakina joto la maana, na kila asubuhi nakigusa kujua kama bado kiko hai. Hata leo sijui ndani kuna nini. Nimeacha kuuliza.

Ijumaa iliyofuata umeme ulikuwa umekatika tena. Simu ikalia, na kabla sijasimama Rehema akajaa kwenye TV, mtoto kifuani, nywele za mtoto zinaonekana, vidole vinaonekana. Mama Rehema hakupiga kelele. Aliyafuta macho kwa mkono wa kushoto, akatazama mpaka akashiba. Nami nikavuta kiti nikae karibu, maana nilijiona mwenye mali.

"Baba Rehema, hebu tupishe."

"Niwapishe wapi?"

"Nje. Nina mazungumzo na mzazi."

Nikatoka nje barazani nimechanganyikiwa kuliko siku ya ram nane. Nilidhani alitaka kuona. Kumbe miezi yote ile nimeshika simu, kulikuwa na maneno ya mama na binti yasiyosemeka mbele ya mkono wangu. Nikakumbuka dada yangu mkubwa alivyorudi kwa mama kujifungua. Mlango ulifungwa siku arobaini, maji ya moto yakaingia, kanga za kumfunga tumbo zikaingia, sisi wavulana tukafukuzwa hata uani, na baba akazunguka nyumba akitengeneza vitu ambavyo havijaharibika. Vijana wa leo wanaingia hadi leba na simu mkononi, wanapiga picha, kisha wanaulizana mtandaoni mtoto akilia afanywe nini.

Nyuma ya mlango nilisikia sauti ya mke wangu ikitoka polepole, haikatizwi na mtu. Wakacheka. Kisha Rehema akalia, na mama yake akamnyamazisha kwa lile neno analotumia tangu binti akiwa wa kubebwa. Wakakaa sana. Mwishowe akaniita.

TV ilikuwa nyeusi. Uso wake ulikuwa na nuru na uchovu kwa pamoja.

"Yuko peke yake kule," akasema. "Hajui hata kupika uji wa pilipili manga. Nimemwelekeza mpaka ukaiva."

"Ukawa mzuri?"

Akanitazama.

"Nitajuaje, Baba Rehema?"

Enzi zetu mama alionja kwanza, akapuliza, ndipo akampa mwanawe kikombe.