Vilima vya Divai na Kikombe cha Bel-Air

Nilipaswa kukataa. Ingetosha kusema, "Hapana, mzee, nina ndege Jumanne." Badala yake nilisema ndiyo kabla hajamaliza kuuliza.

Mzee huyo alikuwa Mwitalia, mtunza ghala wa kiwanda cha kwao Italia ambako kampuni yetu ya shaba ilinituma miezi mitano nijifunze kutengeneza pampu za mgodini. Ujanani alikuwa mwashi Lubumbashi, na alirudi kwao na Kiswahili chetu kizima kichwani. Siku ya kwanza aliponiuliza, "Kijana, bukari ulikula?" nusura nidondoshe sanduku. Sikutegemea kusikia ugali wetu ukitajwa mahali pale.

"Mafundisho imekwisha, njo unakimbia?" aliniambia. "Miezi tano unaangalia pampu tu! Bakia wiki mbili, banavuna zabibu. Nitakuonyesha miji ya kwetu. Ukirudia Lubumbashi utasema uliona nini? Bulon na nati za pampu?"

Nilijua vizuri kilichokuwa kinaningoja. Jumapili baada ya ndege ile, nyumbani kwa mchumba wangu mtaani Bel-Air, familia zetu zingekutana. Kwa desturi ya nyumba yao, shangazi humpa binti kikombe cha pombe. Binti huonja, kisha mbele ya watu wote humpelekea yule anayemtaka. Akikinywa, ndiye mume. Kwetu, upande wa Pweto, ndugu anaweza kukalia kiti cha ndugu aliye safarini na hakuna anayenung'unika. Nikadhani na kwao ni hivyo hivyo. Ndege iliyofuata ilikuwa baada ya wiki mbili. Nilikwenda posta ya Alba, mji wa kiwanda chetu, nikampelekea mdogo wangu telegramu: NACHELEWA. KALIA KITI YANGU. KUNYWA. Nikatoka nikipiga mluzi.

Nisiseme uongo: zile zilikuwa wiki mbili tamu kuliko zote maishani mwangu. Kule kila kilima kina mji wake mdogo kichwani, na kila mji una mnara, kama sisi tulivyo na bomba letu la moshi na mlima mweusi wa taka za shaba. Asubuhi ukungu hujaza mabonde na miji hubaki juu yake kama sufuria zilizowekwa juu ya pamba. Mtu akiniuliza leo aanzie wapi, namwambia Neive. Vichochoro vyake vya mawe ni vyembamba hivi kwamba mikono yangu miwili iligusa kuta zote mbili, na siku za mavuno mji mzima hunuka zabibu zilizopondwa, nyigu wakilewa madirishani. Barbaresco ni barabara moja tu na mnara mnene juu ya mto. Nilipanda nikahesabu makanisa mpaka nikapotea. Serralunga ina ngome nyembamba iliyosimama wima kama mtu mwenye hasira. Pale Barolo tuliteremka chini ya nyumba ya rafiki wa mzee, penye mapipa makubwa kuliko chumba changu cha kambi ya wafanyakazi. Nikagonga moja kwa kidole nikasikia limejaa, nikacheka peke yangu.

La Morra ndipo mtu anapoona vilima vyote, maana iko juu kabisa. Nilikuwa nimevaa abakosti yangu nyeusi, suti yetu isiyo na tai, nimeifunga vifungo hadi shingoni kama serikali yetu ilivyotaka siku zile. Bibi mmoja aliniona, akaacha kapu lake, akanishika mkono akaubusu.

"Anasema ubariki mapipa yake," mzee alinitafsiria, machozi ya kicheko yakimtoka. "Anafikiri weye padri."

"Mwambie mimi ni fundi wa pampu!"

"Nitamuambia kiisha ya kunywa. Bariki kwanza!"

Nikabariki. Divai ya bibi yule ilikuwa nyekundu kama tofali, kali mwanzoni, halafu ikafunguka mdomoni. Jumapili yenyewe nilikuwa pale pale, glasi mkononi, nikivionyesha vilima kwa kidole. Nilimkumbuka mchumba wangu mara moja tu, nikajiambia: saa hizi mdogo wangu amekwisha kunywa.

Mdogo wangu alikuja kunipokea uwanja wa ndege wa Lubumbashi. Hakunitazama usoni.

"Kaka, alikataa."

"Nani?"

"Bibi yako wa Bel-Air. Nilikaa ku kiti yako, alikuya na kikombe, akanipita. Akakiweka chini, mbele ya mulango. Akasema: mwenye kiu atakuya mwenyewe. Baba yake akasimama, watu bakarudia kwabo."

Nilikwenda Bel-Air siku hiyo hiyo na chupa ya divai ya Barolo kwenye mfuko. Mchumba wangu alifungua mlango mwenyewe. Nilianza kumweleza ukungu, minara, bibi na mapipa. Alinisikiliza mpaka mwisho, hata alitabasamu kidogo.

"Iko muzuri kule," alisema.

"Sana. Nitakupeleka."

"Telegramu ulimupelekea nani?"

"Mdogo wangu."

"Na miye?"

Miezi mitano nilikuwa nimemwandikia kila wiki, lakini siku ile muhimu sikukumbuka kumwuliza wala kumwambia. Nilimwachia mtu mwingine akapokee jibu lake, kama mzigo wa posta.

"Nilikuwa nimevaa tangu asubuhi," alisema, akafunga mlango polepole.

Mwaka uliofuata aliolewa na mwalimu, wakahamia Kasomeno. Chupa niliinywa na mdogo wangu, na ilikuwa nzuri. Sasa ni mzee, na miji ile naweza kuitembea yote nikiwa nimefumba macho. Sikosei hata kona moja. Kwa wiki zile mbili nilimpoteza mwanamke pekee niliyetaka kuzeeka naye, na nimezeeka peke yangu.