Bahasha Yangu Chini ya Bahasha za Wengine

Nichekeni sasa hivi mmalize, maana hii stori hadi leo nikiisimulia masikio yanawaka na miguu hainitulii.

Mnavyonijua, siku za kazi nawaogesha wazee katika nyumba ya kutunzia wagonjwa hapa New Hope, ughaibuni, lakini moyoni mimi ni mtunzi. Nilikuwa nimeandika kijitabu cha nyongeza cha ule mchezo wa mezani ambao watu wanarusha dadu, kila mmoja anajifanya mtu fulani, na hadithi inaenda wanakoipeleka. Changu ni cha watu wazima: kuna malkia wa mapangoni, pepo anayetongoza wasafiri, kuna damu, kuna mapenzi (ya heshima, lakini ni mapenzi). Sasa kampuni yenye mchezo haikupi leseni ya kuuza chochote kwa jina lao mpaka ujaze fomu ya viwango vyao, maswali kumi na mawili, na chini itiwe sahihi na mtu mzima mwingine aliyeyapitia yote. Mwisho wa kutuma ulikuwa Jumamosi saa kumi na mbili jioni, na sahihi sikuwa nayo. Ningemwomba nani? Auntie, aliyenilipia tiketi ya ndege na ninayelala sebuleni kwake?

Na Jumamosi mchana ndipo fellowship yetu ya maombi hukutana kwa Auntie. Mwenye karatasi ngumu (ya uhamiaji, ya mtihani wa unesi) huiweka mezani iombewe. Mama Njoki, nesi wa miaka mingi, hufungua kila bahasha akaisoma kwa sauti, tena kwa Kiswahili, ili shosho wake, bibi yake aliyekuja juzi na asiyejua Kiingereza, aombe akielewa. Tulianza hivyo baada ya kufunga siku tatu kwa ajili ya barua ambayo kumbe ilikuwa ya kukumbushwa kwenda kwa daktari wa meno. Lakini siku hiyo Mama Njoki alikuwa kazini, na asipokuwepo huwa tunawekelea mikono tu. Nikajiambia, Mose, baraka ni baraka, nikaichomeka bahasha yangu chini ya zingine, nikakaa, nikasimama, nikaangalia saa, saa tisa na nusu, nikaangalia theluji, nikaangalia saa, bado saa tisa na nusu.

Mlango ukafunguka. "Nimebadilishana shifti! Bwana asifiwe, karatasi ziko wapi?"

Nikaruka kuichukua yangu, eti nimekosea bahasha. Auntie akanidaka mkono. "Kaa chini. Unaona haya kuombewa?"

Mama Njoki akavaa miwani. "Ya Mose. Swali la kwanza: kuna damu? Ndiyo."

"Amina!"

"La pili: kuna uchi? Kidogo."

Amina ikawa moja tu, ya mtu aliyekuwa akisinzia.

"La tatu: kuna pepo anayetongoza binadamu? Ndiyo, ukurasa wa tisa hadi wa kumi na nne."

Shosho peke yake akauliza, "Kurasa sita? Huyo pepo anatafuta nini?"

"Mose," Auntie akasema polepole, "hii ni kazi gani umeomba?"

Nikaeleza, nikigugumia, nikitoka kwa dadu nikirukia malkia nikirudi kwa leseni, nikasema Auntie sikutaka kukuficha, mara machozi hayo (yangu yako karibu, mnajua). Auntie akainuka, akaingia jikoni. Hapo ndipo nilipoumia.

Lakini nesi haachi fomu katikati. "La saba: walio kwenye mapenzi wote ni watu wazima na wamekubali? Hapa hujajaza."

"Wamekubali, Mama."

"Basi andika! Nimeona watu wakirudishiwa fomu kwa kisanduku kimoja. La tisa, onyo kwenye jalada, na nakala ya jalada hii hapa. Herufi hizi? Shosho hawezi kuzisoma. Kuza."

Akafika chini kabisa. "Mtu mzima aliyepitia maswali yote." Akanitazama juu ya miwani. "Si ndio mimi?" Akatia sahihi mbele ya fellowship nzima, na cheo chake cha unesi pembeni, kama kwenye faili la mgonjwa.

Nilituma zikiwa zimebaki dakika kumi. Auntie akaniletea chai. "Ungeniambia tu, mwanangu," akasema. "Mimi ningesaini bila kusoma."

Leseni ilikuja, na nimeapa: sitaiba baraka tena, karatasi yangu nitaisoma mwenyewe, nikiwa nimesimama. Ila kila Jumamosi shosho hunivuta mlangoni na kuninong'oneza, "Yule malkia, alipata mtu?"