Mti wa Dirishani

Nilipokuwa mtoto, tukiishi Mitunguu, kazi yangu ya kila Jumamosi ilikuwa kuupangusa mti uso. Ndivyo Mama alivyopenda kuiita. Ulikuwa mti wa mapambo, aina ile ambayo matawi yake hulegea na kuning'inia kama nywele zilizolowa. Mama aliununua kwa wauza miche wa kando ya barabara, akaupanda kwenye mkebe wa rangi na kuuweka sebuleni, kwenye dirisha la mashariki. Alinifundisha kuchovya kidole udongoni kabla ya kutia maji, maana mti wa ndani huuawa na maji mengi kuliko kiu. Kisha nilichukua kitambaa chenye unyevu na kufuta vumbi, jani moja baada ya jingine.

Baba alifanya kazi katika mradi wa maji ya mashamba ya ndizi, na Mama alikuwa mwalimu. Mama yake Baba, Cucu wetu, aliishi peke yake Kibugu, kule Embu, kwenye baridi ya majani chai. Mimi nilipewa jina lake, Wawira, kama desturi yetu inavyotaka, na alinipenda kwa maringo, kana kwamba alikuwa amejizaa mwenyewe. Moyo wake ulipoanza kumsumbua na miguu kuvimba, Baba alikwenda kumchukua. Alisema kwetu daktari yuko karibu. Cucu alikubali kwa sababu mwanawe alikuwa ameshaamua.

Hatukuwa na chumba cha ziada. Kitanda chake kikawekwa sebuleni, pale dirishani, apate hewa, na mti ukasukumwa kwenye kona nyuma ya mlango. Siku ya kwanza tu aliuona, akachuma jani na kulivunja. Likatoa maziwa meupe.

"Hii ni ya ukoo wa mugumo," alimwambia Mama. "Mnaweka mugumo kwa nyumba?"

"Ni maua tu, Cucu. Hata kwa ofisi wanaweka."

Cucu alicheka, akamtania kwamba walimu wanaogesha miti na watoto wao wana magaga. Lakini Mama alipotoka, aliniketisha kitandani akanieleza. Chini ya mugumo ndipo wazee wa zamani walipoomba, wakiutazama Mlima, makao ya Mungu. Mti huo haukatwi, na hata tawi lililoanguka lenyewe halipikiwi. Ukianza kujivua majani bila sababu, watu huulizana ni nani anayejiandaa kuondoka. Aliyasema hayo Biblia ikiwa mapajani mwake, wala hakuona ugomvi wowote kati ya mambo hayo mawili.

Haukupita muda, mti ukaanza kupukutika. Majani yalianguka yakiwa bado mabichi. Mama alipunguza maji, akayaongeza, akaupangusa yeye mwenyewe, lakini wapi. Mimi nilikuwa darasa la tatu na niliamini kila neno la Cucu. Mgonjwa ndani ya nyumba alikuwa mmoja tu, kwa hiyo sikuhitaji kuuliza ni nani anayejiandaa. Niliogopa sana. Nikaamua kwamba maadamu Cucu hayaoni yale majani, hatajua kwamba anaitwa, na asipojua hatakwenda.

Basi kila asubuhi nilinyata nyuma ya mlango kabla wengine hawajaamka, nikayaokota na kuyatia kwenye mfuko wangu wa shule. Jikoni sikuthubutu kuyatupa, kwa kuwa hayachomwi. Niliyamwaga chini ya ua wa miti nikielekea shuleni. Niliendelea hivyo mpaka asubuhi moja, nikiwa nimepiga magoti pale konani, niliposikia sauti kutoka kitandani.

"Wawira, lete nione."

Nilimpelekea nikiwa nimeyakinga kwa sketi. Aliyachukua, akayanusa, akayalaza juu ya blanketi taratibu. Mimi nilikuwa nikilia tayari.

"Hii mti ilikuwa imezoea hapa kwa dirisha," alisema. "Iliondolewa kwa sababu yangu. Ambia baba yako airudishe mahali pake, na mimi anirudishe kwangu."

Jioni nilimwambia Baba. Alitua kikombe mezani, akauliza ni nani kule Kibugu atakayeamka kumpa mama yake dawa, na ni nani atakayemkimbiza hospitalini akizidiwa. Alikuwa na haki, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Cucu hakulisema tena. Aliuliza tu kama kwao kumenyesha, na kama kuna anayechuma chai yake. Majirani walipokuja kumwombea kwa Kimeru, lugha aliyoielewa nusu nusu, aliitikia amina akiwa amechelewa kidogo. Usiku joto lilimnyima usingizi.

Alifariki Jumapili moja tukiwa kanisani, Mama akiwa amebaki naye. Tulimpeleka Kibugu kumzika, na kulikuwa na manyunyu na baridi kali. Baba alisimama kando ya kaburi, nami nimemshika mkono, akamwita mama yake kwa Kiembu, kwa sauti niliyoisikia mimi tu. "Sasa umefika, Maitu."

Tuliporudi, kitanda kikatolewa na Mama akausogeza mti dirishani. Kabla shule hazijafungwa ulikuwa umechipua kila tawi. Mama alilia kila alipoutia maji. Mimi niliuchukia, nikakataa kuupangusa.

Mama naye alipotutoka, mti huo ulikuja kwangu Meru mjini. Ulipukutika tena, nikaungoja mpaka ukatulia. Wauza miche wameniambia ndiyo tabia yake, haupendi kuhamishwa. Sijui kama jibu hilo linanifariji. Siwezi kuapa kwamba mti ule ulijua lolote kuhusu kifo, lakini Cucu aliutazama akajiona, na sisi tuliokuwa wazima tukaona majani tu.

Juzi ilikuwa zamu ya Baba. Alipostaafu alirudi Kibugu, na siku hizi anaishi huko peke yake, mwili umechoka, na mimi na ndugu zangu tulikubaliana nikamlete kwangu, karibu na madaktari. Nilimkuta kwenye benchi nje ya nyumba, amevaa koti na kofia, begi miguuni. Shamba lake la chai lilikuwa mbele yake lakini hakulitazama. Nikamuuliza kama anataka kwenda.

"Nyinyi ndio mnajua," alisema.

Nililiinua begi lake kutoka miguuni pake. Nikalibeba hadi ndani, nikatundika mashati yake kwenye misumari yake, na begi langu nikaliweka kwenye kitanda cha pili. Nikampigia mume wangu simu. Nilimwambia nitakaa huku na Baba, na kwamba mti wa dirishani autie maji udongo ukikauka, lakini mtu yeyote asiusogeze.