Mjukuu Niliyemwona Adhuhuri Tu

Mjukuu wangu alipotimiza miaka miwili na miezi michache, nilianza kumshuku. Najua ni neno zito kwa mtoto wa kike ambaye bado anaogeshwa kwenye beseni, lakini sina jingine. Nilimshuku yeye, nikamshuku na mama yake, na kwa miezi kadhaa sikukaa ndani ya nyumba yangu bila kutega sikio.

Mama yake ni mke wa mwanangu. Ametoka bara, akasilimu kabla ya ndoa, akaja kuishi nasi hapa mjini Lamu. Mwanangu anafanya kazi Mokowe, ng'ambo ya mkono wa bahari, safari ya boti. Siku zile alikuwa akirudi Alhamisi jioni na kuondoka Jumamosi. Mke wangu alikwisha kutangulia mbele ya haki. Kwa hiyo siku nyingi za wiki tulikuwa watatu nyumbani: mimi, mkamwana wangu na mtoto.

Mtoto alikuwa na neno moja: "Sitaki." Kijiko cha wali, sitaki. Kandambili, sitaki. Msalimu babu, sitaki. Ukimshika mkono analegea kama nguo iliyolowa. Ukimwachia anajitupa sakafuni na kupiga visigino. Siku moja alinirushia kikombe cha uji kikanipata kifuani, na kanzu ilikuwa ndiyo kwanza imepigwa pasi. Nikamwangalia machoni. Naye akaniangalia, hakupepesa. Nikasema nimeona kitu ndani ya macho yale.

Nimezaa watoto wanne na sikumbuki hata mmoja kunirushia chochote. Leo najua kwa nini sikumbuki. Nilikuwa dukani nikiuza misumari na rangi, na aliyekuwa akirushiwa vikombe ni marehemu mke wangu. Wakati ule hilo halikunijia. Lililonijia ni ukoo. Kwetu hakuna mtoto wa namna hii, nikasema moyoni. Basi haya yametoka kwingine.

Nikaanza kumchunguza mkamwana. Akizungumza kwa simu na watu wa kwao, nilisimama ngazini nikisikiliza lugha nisiyoijua, nikihisi ninasemwa. Asubuhi nikitoka kwenda barazani kwa wenzangu nilikuwa nikisikia kicheko cha mtoto juu dirishani. Hata hicho nilikishuku. Niliwaza: anabembelezwa kwa katuni za simu ili babu yake asijue hali ilivyo.

Siku moja, baada ya sala ya adhuhuri, nilimkuta amekaa juu ya mbuzi akikuna nazi, mtoto analia miguuni pake. Nikamuuliza kama kwao yupo mtu mwenye hasira za kupita kiasi.

"Yupo baba yangu, timu yake ikifungwa," akasema, akacheka. Aliponiona sicheki, akaacha. "Baba, mtoto ana usingizi tu. Akilala, ataamka mwingine."

"Usingizi kila siku?"

"Kila siku saa hii, ndiyo."

Jibu lote lilikuwa hapo. Mimi nikalichukua kuwa ni ujanja.

Barazani nilikuwa na rafiki mmoja, fundi wa kuchonga milango, mtu asiyeacha jambo lipite. "Yakhe," akaniambia, "mbona yeo umekuja na uso wa kudaiwa?"

Nikamweleza. Akatikisa kichwa. "Mwana wa miaka miwili kukukodolea mato hivyo? Mwandikishie kombe."

"Kombe apewe babu," akadakia mwingine. "Ndiye anayelia hapa." Wakacheka wote.

Kombe kwetu ni aya zinazoandikwa kwa zafarani ndani ya sahani, kisha zikaoshwa kwa maji ya waridi, na mgonjwa akanywa maji yale. Nimenyweshwa mimi utotoni, na sina neno baya juu yake. Kosa halikuwa la kombe wala la mwalimu aliyeniandikia. Yeye nilimwambia tu kuwa mtoto hatulii.

Nikalileta nyumbani adhuhuri. Mkamwana alikuwa anamlaza mtoto. Nikamwambia amlete.

"Baba, tungoje aamke."

"Maneno ya Mungu hayangoji usingizi."

Akamleta. Mtoto akanusa bilauri, akageuza uso, akafunga mdomo. Nikamshika kidevu. Akameza kidogo, yaliyobaki akanitemea mkononi, akalia mpaka sauti ikamkauka. Mama yake alimchukua bila kuniangalia. Mimi nilibaki na bilauri mkononi nikijiona nimepata ushahidi: mtoto asiyeyataka maneno matukufu. Sikukumbuka kwamba saa ile hata maziwa alikuwa akiyakataa.

Alasiri ile nikasema barazani, kwa mdomo wangu, "Kilichomo ndani yake kimeyakimbia maneno." Safari hii hakuna aliyecheka.

Mji wetu vichochoro ni vyembamba, na neno halihitaji kupaza sauti ili lifike. Mkamwana alikuwa na desturi ya kumpeleka mtoto asubuhi kwa jirani, acheze uani na wenzake. Wiki ile alipobisha hodi aliambiwa watoto wamelala. Siku ya pili vilevile. Mimi sikuyajua hayo. Hakuniambia, na hapo pia nilimshuku, nikijiuliza kwa nini hatoki tena.

Alhamisi mwanangu alirudi, akaketi mbele yangu bila kuvua viatu.

"Baba, kwenye boti nimeulizwa kama mwanangu amepagawa. Aliyeniuliza si mtu wa mtaa huu."

Nikatazama viatu vyake.

"Jumatatu mtampeleka zahanati. Kama ni ugonjwa, tutakaa hapa tuuguze pamoja. Kama si ugonjwa, nitawahamishia Mokowe. Mtoto wangu hatakua akiitwa hivyo."

Nitasema lililonipata usiku ule, kwa sababu ni aibu yangu na si ya mwingine. Nilitaka awe mgonjwa. Akiwa mzima, ningebaki peke yangu katika nyumba ya ghorofa mbili, na mji mzima ukijua nani aliyewafukuza.

Zahanati tulimkuta nesi wa makamo, mpole wa sauti. Akauliza nani anaishi na mtoto. Nikajibu mimi. Kwetu mkubwa akiwapo ndiye asemaye, na mke wa mwana hamkanushi mkwewe mbele za watu. Mkamwana alimpakata mtoto, macho chini.

"Hasira hizi zinamjia mara ngapi?"

"Siku nzima," nikasema.

"Anauma wenzake?"

"Anauma." Sikuwahi kumwona akiuma mtu.

"Maneno anayo?"

"Moja tu. Sitaki."

Mtoto alikuwa akichungulia dirishani. Akamvuta mama yake buibui. "Mama, punda anakula katoni!"

Nesi akaweka kalamu. Akachungulia nje, kweli, punda alikuwa akitafuna katoni kando ya ukuta. Akanigeukia. "Babu, hilo ni neno moja?"

Nikajifanya namtazama punda.

"Wewe huwa unamwona saa ngapi?"

"Nikitoka msikitini adhuhuri, mpaka alasiri."

"Na asubuhi?"

"Niko barazani."

"Jioni?"

"Msikitini. Kisha barazani."

Hakunicheka. Alisema tu, "Naomba utupishe kidogo, nizungumze na mama."

Nikakaa kwenye benchi nje ya mlango, nikasikiliza kama nilivyozoea. Safari hii nilielewa kila neno. Mkamwana alizungumza kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kuzungumza mbele yangu. Alieleza mtoto anavyocheza na wenzake, na jinsi anavyolisha mdoli wake. Akasema akianguka hukimbilia kwake, akibembelezwa hutulia. Alipoulizwa kama anauma, alisita, akasema, "Hapana." Nadhani alisita kwa sababu yangu.

Nesi aliponiita ndani, alinieleza kwa utaratibu. Mtoto wa umri huu amegundua kuwa na yeye ana lake, na atalijaribu kwa kila mtu. Yanayowatia shaka watu wa zahanati ni mengine: hasira zikimfuata kila mahali, kwa kila mtu, saa zote, miezi na miezi, mtoto akijiumiza au akiumiza wenzake mara kwa mara, akipoteza maneno aliyokuwa nayo, akawa hachezi wala habembelezeki. Na hata hapo, kwa mtoto mdogo hivi, hawana haraka ya kuyapa jina.

"Huyu saa ya adhuhuri ana njaa na usingizi," akasema, "na ndipo mzee unapoingia na kutaka salamu. Mleteni tena baada ya miezi mitatu nimwangalie."

Wiki iliyofuata walihama. Mkamwana alinibusu mkono, akaniwekea wali kwenye sufuria, akamtanguliza mtoto ngazini. Alimrudisha kwa nesi mara ya pili bila mimi. Mtoto hakuonekana na lolote.

Siku hizi navuka asubuhi, mara moja kwa wiki. Nimemjua mtoto anayeimba peke yake akipanga vifuniko vya chupa, na ambaye akikataa kitu, ukimwachia kidogo, hukirudia mwenyewe. Ana miaka mitatu na zaidi sasa.

Barazani bado wananiuliza, "Vipi, kimemtoka?"

"Hakikuwamo," nasema.

"Enhe," hujibu fundi wa milango. "Na mbona wamehamishwa?"

Nimewaambia kuwa nilikosea. Wanaona namsitiri mjukuu, kama anavyofanya babu yeyote, na kadiri ninavyokazana ndivyo wanavyozidi kuamini.

Mwezi uliopita, nikiwa kwao Mokowe, nilimwomba mkamwana wamrudishe mtoto Lamu, aanze chuo cha Kurani karibu na nyumbani, nami nitampeleka na kumrudisha kila siku. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Baba, huko ana jina tayari," akasema. "Hapa hana. Niachie aanze hapa."

Mwanangu alikuwapo, akaniangalia akingoja niseme la mkubwa. Nikasema mama wa mtoto ameshasema, basi. Kisha nikatoka, nikateremka gatini kungoja boti.