Nilivyowafundisha judo wasichana wa Msambweni, baba wa mmoja akaja kufunga darasa

Wakuu, salaam aleikum. Wa rika langu, hamjambo? Vijana, marahaba, hata kabla hamjanisalimia.

Haya yalinipata mwenyewe, na chumvi sikutia.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya Uhuru. Mimi mwalimu mpya wa kike, nimepangiwa shule moja Msambweni. Chuoni nilikuwa nimejifunza judo, basi nikamwomba mwalimu mkuu niwafundishe wasichana jioni, baada ya alasiri. Akacheka, akakubali.

Mikeka ya judo tungeitoa wapi? Tulishona magunia tukayajaza makumbi ya nazi. Yaliwasha hayo, wacha tu.

Wasichana walikuja wakidhani watafundishwa kuruka mapaa. Mimi nikaanza na kuanguka. Wiki nzima ni kuanguka tu: kidevu kifuani, mkono upige chini, pumua.

Mmoja wao, Mwanajuma, mwembamba kama ufito, aliipenda mno. Akawa anajiangusha mpaka nyumbani, jikoni, mamake akipakua.

Ndipo babake alipokuja. Mzee Hamisi, fundi wa kuezeka makuti, pande la mtu. Kaja na maalim wa madrasa, na malalamiko mawili. Kwanza, ile salamu ya judo: wasichana wanamwinamia binadamu mwenzao. Pili, yeye alimtoa mwanawe ajifunze kujikinga, sasa anafundishwa kuanguka, jambo ambalo alizaliwa akilijua.

Alitaka darasa lifungwe siku hiyo hiyo. Mwalimu mkuu naye keshaanza kuitikia kwa kichwa.

La kuinama nililimaliza upesi. Nilisema kuanzia leo tutaweka mkono kifuani na kutoleana salamu. Maalim akaridhika.

Mzee Hamisi hakuridhika. Akavua makubadhi, akakaza kikoi, akapanda kwenye magunia, akasema aonyeshwe.

Mimi nisingeweza kumshika, si maharimu wangu. Nikamwita binti yake, niliyekwisha kumwonyesha namna moja ya kumbwaga mtu.

Nikawaza, wakuu: Mzee akivunjika, kazi sina.

"Baba, niwie radhi," Mwanajuma akasema.

Akamkamata mkono na shati, akageuka, akachutama kidogo. Mzee akapita juu ya mgongo wake, akatua puu! Kofia kule.



Mzee alibaki chali akitazama mawingu. Kisha akanigeukia, sauti ya chini kabisa:

"Mwalimu, huko kuanguka huanza na mguu gani?"

Darasa halikufungwa. Yeye mwenyewe ndiye aliyeitangaza habari, tena kwa maringo, kwamba binti yake kambwaga. Ilipofika Tiwi, ikawa kabwagwa na darasa zima.

Nililojifunza: anayeanza, mwondolee kwanza hofu ya ardhi. Kupiga watu atajifunza baadaye, na wengine hata hawatakuhitaji huko.

Haya, mliowahi kufundisha wageni wa mchezo wowote, mzazi wa kwanza kuwajia juu alikuwa na neno gani? Andikeni, miwani ninayo.