Siku Niliyomfokea Mama Mkwe Nyuma ya Boneti

Mnaoniona nacheka leo mjue nimechukua muda kufika hapa, maana kuna kipindi mtu akitaja tu Kisesa masikio yangu yanapata moto, na mke wangu Kabula akitaka kuninyamazisha mbele za watu anawauliza tu, "Niwasimulie?" basi nakuwa mpole.

Siku yenyewe nilikwenda kwao Kisesa kujitambulisha. Mimi ni fundi magari, gereji yetu iko Mkuyuni, na mjomba wangu aliyenisindikiza kunisemea alinionya mapema: "Shija, leo wewe sio fundi, leo wewe ni mkwe, kaa kwenye kiti chako." Nikaitikia. Shati nilikuwa nimeazima (jeupe, jamani, sijui nani alinishauri). Mama yake Kabula alikuwa mjane, na tangu mumewe afariki amekuwa mtu wa ndani, hasemi sana, lakini neno la kunikubali au kunikataa lilikuwa lake peke yake. Na kwetu Usukumani mama mkwe unamsalimia umeinama, macho chini, na ukishamsalimia unakaa mbali.

Sasa uani kulikuwa na gari la marehemu, analitumia baba mdogo wa Kabula. Tukiwa tunasubiri chakula akaanza kulalamika kwamba kilima kidogo tu gari linachoka, linaunguruma haliendi, plagi wameshabadilisha, chujio wameshabadilisha, wapi! Mjomba akanifinya paja. Mimi nikasema, "Ngoja nichungulie mara moja." Hapo ndipo nilipojiharibia.

Nikavua shati nisilichafue, nikabaki na singlendi (yenye tundu, ndiyo), nikafungua boneti. Injini ya aina ile, kwenye njia ya kuingizia hewa ina vifuniko vidogo ndani, vinafunguliwa na kifimbo, na kifimbo kinavutwa na mvuto wa hewa wa injini yenyewe kupitia mpira mwembamba. Mvuto usipofika, vifuniko havifunguki, gari linakosa pumzi mlimani. Kipimo sikuwa nacho, nikafanya tunavyofanya gereji, nikachomoa mpira kwenye kile kidude kinachovuta kifimbo, nikaufyonza kwa mdomo. Kifimbo kikavutika, nikaziba kwa ulimi, kikabaki pale pale. Maana yake kidude ni kizima, mvuto ndio haufiki. Nikafuata mpira mpaka nyuma nikakuta umepasuka kwenye kona, nikakata kipande kibovu, nikarudishia. Mdomo wangu wakati huo, bila mimi kujua, ulikuwa na duara jeusi la masizi.

Ikabaki kujaribu. Kabula akakaa kwenye usukani anikanyagie mafuta, mimi nimeinama nakitolea macho kifimbo. Kumbe shangazi yake akamwita jikoni, akashuka, na mtu mwingine akakaa. Boneti iko juu, mimi sioni kitu.

"Kanyaga!" Injini ikapumua kidogo tu.

"Kanyaga wewe! Unabembeleza nini?" Ikapanda kidogo, ikashuka. Na mimi nikiwa kazini mdomo wangu mnaujua. "Mguu umekufa ganzi au una usingizi? Ugali unamaliza wote, mguu hauna nguvu!"

Nikainua kichwa, nikamwona mjomba kajishika kichwa kwa mikono miwili, na Kabula kasimama mlangoni pa jiko, mwiko mkononi. Nikajiuliza, kama Kabula yuko jikoni, kwenye gari yuko nani?

Nikazunguka. Mama mkwe! Kakaa wima, mikono yote kwenye usukani, ananitazama mimi na singlendi yangu na mdomo wangu mweusi.

"Nimekanyaga kidogo sana, baba?" akauliza.

Nikapiga magoti kwenye vumbi. "Shikamoo mama," ndilo neno lililotoka, shikamoo ya pili siku hiyo. Baba mdogo akawa ameshasimama. "Mkwe gani huyu anamtukana mama? Mjomba, mchukue mtu wako muondoke!" Nikasema moyoni basi, Kabula nimempoteza kwa mdomo wangu mwenyewe, na nikahisi machozi yanakuja.

"Mwacheni," mama akasema. Naye machozi yalikuwa yanamtoka, na alikuwa anacheka. Akasema aliposikia injini inawaka alishindwa kukaa ndani, maana Jumapili marehemu akitengeneza gari lake yeye ndiye alikuwa akimkanyagia mafuta, na alikuwa anafokewa hivyo hivyo, halafu wanacheka mpaka chakula kinapoa. "Tangu aondoke kila mtu ananisemesha kama mgonjwa," akasema. "Rudi kazini."

Nikarudi kwenye boneti. Nikasema kwa sauti ya kanisani, "Naomba ukanyage kidogo, mama."

"Sio hivyo. Sema kama ulivyosema."

Jamani, mimi! Nikamtazama mjomba, akageukia ukuta. Nikavuta pumzi, nikapaza sauti, "Kanyaga, mama! Unabembeleza nini?" Akakanyaga, gari likanguruma mpaka kuku wakatawanyika, na kifimbo kikaruka kama inavyotakiwa.

Nilikubaliwa kabla hata chakula hakijapakuliwa. Na tangu siku ile, gari liwe la nani, simwambii mtu akanyage kabla sijazunguka dirishani nikamwona uso. Isipokuwa Kisesa. Kule gari ni zima kabisa, lakini tukienda Jumapili mama anatangulia kukaa kwenye usukani, ananisubiri nifungue boneti nimfokee.