Nilimwonea Haya Zuhura, Posa ya Mwenzangu Ikavunjika

Kosa ni langu. Naanza hivyo ili asitokee mtu wa kunionea huruma, siitaki. Nina hasira, na wa kwanza ninayemkasirikia ni mimi mwenyewe.

Nina miaka ishirini na sita na mtoto mmoja. Niliishia kidato cha nne. Nilikuwa nasimamia mfumo wa kompyuta kwenye zahanati moja binafsi hapa Kariakoo. Fundi aliyeufunga alinifundisha wiki mbili, nikaelewa. Mapokezi wanaona jina la mgonjwa na zamu yake, basi. Maabara wanaona vipimo. Daktari anaona wagonjwa wake. Mimi naona vyote, kwa sababu mimi ndiye ninayempa kila mtu ruhusa yake.

"Neno lako la siri usimpe hata mumeo," fundi aliniambia.

Mume wangu sikumpa. Nikampa Zuhura wa mapokezi!

Uchungu ulinishika kabla ya siku zake. Niko kwenye bajaji naelekea hospitali, simu inaita. "Shoga, daktari kasahau paswedi, mfumo umemfungia nje, wagonjwa wamejaa mpaka barazani! Nifanyeje?" Nikamtajia ya kwangu huku nang'ata kanga, aingie kama mimi amfungulie daktari. Mpaka hapo labda mngenisamehe.

Nilipojifungua, Zuhura alikuja kila Jumapili. Alimwogesha mwanangu Nasra, alinipikia uji wa pilipili manga, akanisimamia mpaka niumalize. "Kunywa wewe! Mtoto ananyonya maziwa, hanyonyi umbea!" Tunacheka.

Miezi mitatu ikaisha, nikarudi kazini. Siku ya kwanza tu nikafungua pale pa kubadilisha neno la siri. Zuhura yuko mezani kwake, hatua tatu, ananichekea. Nikawaza, akijaribu kesho ikakataa, atanionaje? Mtu aliyemwogesha mwanangu namfungia kama mwizi? Nikaona haya. Nikasema nitabadilisha wiki ijayo.

Wiki ijayo gani! Ikapita miezi minne. Mjinga mimi!

Sasa, kaka yake Zuhura alikuwa amemposa dada mmoja anayeuza vitenge Mtaa wa Kongo. Nitamwita Neema, siyo jina lake. Nilimfahamu, nilikuwa mteja wake. Neema akaja kwetu kupima kabla ya ndoa, akakutwa na homa ya ini. Daktari akamtuliza: mchumba atapimwa, atachanjwa, mtaoana na watoto mtazaa. Neema akaomba siku mbili tatu amwambie mchumba kwa mdomo wake mwenyewe.

Hakuzipata. Kesho yake ukoo mzima wa mwanaume ulikuwa unajua, na mshenga akatumwa kuvunja posa.

Neema akaja zahanati. Hakupiga kelele, na bora angepiga! Meneja akafungua kumbukumbu za mfumo mbele yetu wote, aone nani aligusa faili lile. Daktari. Mtu wa maabara. Halafu jina langu, Jumatano, saa nne asubuhi.

Jumatano saa nne nilikuwa na ruhusa, nimempeleka Nasra kliniki kupimwa uzito!

"Hukuwepo," meneja akasema. "Nani mwingine anajua paswedi yako?"

Nilishasaini karatasi: ukimpa mtu, kazi huna. Nina mtoto wa kunyonya. Nikamwangalia Zuhura. Zuhura akaangalia sakafu.

"Hakuna."

"Basi uliingilia kwenye simu yako."

Neema akanigeukia. "Mama Nasra, nilikukosea nini? Si ungeniuliza tu?"

Nikanyamaza. Mungu wangu, nikanyamaza! Na kazi nikafukuzwa vilevile, siku ileile.

Nilipofika nyumbani nikampigia Zuhura.

"Ni wewe?"

"Ni kaka yangu yule, Mama Nasra. Ungekuwa wewe usingeangalia?"

"Kwa jina langu?"

"Si ulinipa mwenyewe? Ungekuwa hutaki niingie, ungebadilisha."

Amekosa, tena sana, lakini hilo alisema kweli.

Siku ya tatu nikarudi kwa meneja, nikasema yote. Zuhura naye akafukuzwa. Halafu nikaenda Mtaa wa Kongo. Nilijipa moyo kwamba Neema akijua si mimi niliyefungua faili, angalau jina langu litasafika.

Alinisikiliza mpaka mwisho, anakunja kitenge.

"Kwa hiyo mlikuwa wawili," akasema. Akamgeukia mteja.

Nyie mnaosimamia mifumo, iwe zahanati, iwe shule, iwe duka, nisikilizeni. Kila mtu aingie kwa jina lake, aone kinachomhusu, basi. Dharura ikikubana ukamtajia mtu neno lako, libadilishe dharura inapoisha, hata kama ndiye aliyekuogeshea mtoto. Na ukiulizwa, sema kweli mara ya kwanza, maana ya siku ya tatu haina mnunuzi.

Atanuna? Mwache anune! Aliyenuna anabembelezwa, anacheka. Siri ya mtu ikishatoka, utambembeleza nani airudishe?